Kijana wangu ameshuka pointi 70 za sataranji: je, kipaji kimekwisha?

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa na Mgiriki na tunaishi Thessaloniki. Kijana wetu ana miaka 14 na anacheza sataranji klabuni tangu akiwa na miaka 7. Mwaka jana alifika pointi 2150, sasa ana 2080 na bado zinashuka. Kocha wake anasema asipopunguza masomo hatafika popote. Baba yake anataka aache kabisa mpaka amalize mitihani ya kuingia chuo kikuu. Mwenyewe Septemba 2025 alimwona Nikolas Theodorou, Mgiriki mwenzake, akimfunga bingwa wa dunia, na tangu siku hiyo anasema naye atafika huko akipewa nafasi. Lakini akishindwa hali chakula, halali usingizi, anacheza kwenye simu hadi saa nane za usiku. Juzi alifungwa na mtoto wa miaka 11, tulipofika nyumbani akagoma kushuka garini. Je, kipaji kimekwisha? Tuendelee kutumia pesa? Na mimi nikiwa naye mashindanoni nifanye nini, maana nikimsemesha tu analipuka."

JIBU:

Marahaba, mama. Umeuliza mengi kwa pumzi moja, nami nitaanza na lile ulilolipitia haraka: hali, halali. Pointi zitasubiri.

Mtoto kulia baada ya kushindwa si ugonjwa. Sataranji inauma kwa namna yake kwa sababu hakuna wa kumsingizia. Hakuna refa aliyekunyima penalti wala mwenzako aliyekosa bao. Umekaa saa nne unajenga, kisha umesogeza kete moja vibaya na kila kitu kimeporomoka mbele ya macho yako, na aliyeiporomosha ni wewe. Nimeona watu wazima wenye vyeo wakitoka ukumbini hawataki hata salamu. Kwa hiyo kugoma kushuka garini siku moja kusikutishe. Kinachonitia wasiwasi ni mazoea. Kama kutokula na kukesha kunaendelea hata wiki ambazo hakuna mashindano, kama anapungua mwili, kama amewaacha marafiki na mambo mengine aliyokuwa akiyapenda, au ameanza maneno ya "mimi si kitu," mpelekeni kwa daktari wake wa watoto, ana kwa ana, na mwombeni awaelekeze kwa mwanasaikolojia wa vijana. Msisubiri msimu uishe. Akitamka lolote la kujidhuru, ni siku hiyo hiyo, na namba ya dharura hapo mlipo ni 112. Hilo si la kocha, na si langu mimi ninayesoma barua yako kwa mbali.

Sasa pointi. Mnaziangalia kama kipimajoto cha kipaji, na ndiyo maana zikishuka nyumba nzima inaugua. Elo, mfumo wa pointi hizo uliopewa jina la Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Marekani aliyezaliwa Hungary, na ambao FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, imeutumia tangu 1970, una kazi moja tu: kutabiri matokeo. Watu wawili wakipishana kwa pointi 150, yule wa juu anatarajiwa kupata wastani wa 0.70 kwa kila mchezo, yaani alama 7 katika michezo 10, sare ikihesabiwa nusu. Akipata zaidi anapanda, akipata pungufu anashuka.

Anashuka kwa kiasi gani? Hapo ndipo wazazi wengi hawaambiwi. Ile tofauti kati ya alichotarajiwa na alichopata huzidishwa na namba inayoitwa K. Kwa kijana aliye chini ya miaka 18 ambaye hajafika 2300, K ni 40. Kwa mtu mzima wa kawaida ni 20. Kwa aliyewahi kufika 2400 ni 10. Tuchukue mwanao akiwa na 2150, amefungwa na mtu mwenye 2000. Alitarajiwa 0.70, amepata sifuri, anapoteza pointi 28. Mtu mzima wa klabuni angepoteza 14 kwa kosa lile lile, na Grandmasta, mwenye cheo cha juu kabisa cha sataranji, kwa pengo hilo hilo, 7 tu. Kwa hiyo pointi 70 zilizowakosesha usingizi ni michezo miwili na nusu. Ni wikiendi moja mbaya! FIDE iliweka namba hiyo kubwa makusudi, kwa sababu watoto hubadilika haraka na mfumo unataka uwafuate mbio. Zinavyoshuka ndivyo zinavyopanda.

Na huyo mtoto wa miaka 11? Karibu kila anayecheza mashindano ya wazi Ulaya siku hizi anakutana naye. Pointi za mtoto huwa nyuma ya uwezo wake, kwa sababu amefanya mazoezi miezi sita kwenye kompyuta na hajapata michezo ya kutosha ya kuonyesha alichojifunza. Karatasi inasema 1850, mkono unacheza 2050. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba Machi 2024 FIDE iliwapandisha kwa mpigo wachezaji wote waliokuwa chini ya 2000; aliyekuwa na 1500, kwa mfano, aliamka na 1700. Kijana wako alifungwa na mchezaji mzuri ambaye namba yake bado haijamfikia. Miaka mitatu iliyopita yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mtoto huyo kwa mtu mwingine, na mtu huyo naye huenda aligoma kushuka garini.

Nije kwa Theodorou, maana naona ndiye anayelala kichwani mwa kijana. Alichokiona ni kweli. Mashindano yalikuwa FIDE Grand Swiss, Samarkand, Uzbekistan, raundi 11. Gukesh wa India, aliyetwaa ubingwa wa dunia Singapore Desemba 2024 kwa kumshinda Ding Liren 7.5 kwa 6.5 akiwa na miaka 18, alifungwa raundi ya 5 na Abhimanyu Mishra wa Marekani, raundi ya 6 na Theodorou, raundi ya 7 na Ediz Gürel wa Uturuki. Mara tatu mfululizo, bingwa wa dunia! Kama kijana anatafuta la kujifunza katika mashindano yale, aanze hapo. Mtu aliyekalia kiti cha juu kabisa alifungwa siku tatu, wawili kati ya waliomfunga wakiwa na miaka 16, na raundi ya 8 alirudi akaketi kwenye ubao.

Upande wa Theodorou nao una jambo ambalo picha ya ushindi haionyeshi. Pengo kati yake na Gukesh lilikuwa kama pointi 120. Kwa pengo hilo mfumo unamtabiria wa chini alama moja hivi katika kila michezo mitatu. Yaani ushindi wake haukuwa muujiza wala bahati nasibu. Ulikuwa jambo la kutarajiwa kwa mtu aliyekwisha kufika mahali ambapo kucheza na bingwa wa dunia ni kazi ya siku. Safari ya kufika mahali hapo ndiyo ndefu. Alizaliwa 2000. Alicheza mashindano ya wazi miaka na miaka, akapata cheo cha Grandmasta, akaenda Marekani kusoma na kuichezea timu ya Saint Louis University. Na hata baada ya kumfunga bingwa, nafasi mbili za kuingia Mashindano ya Wawaniaji, yale yanayomtoa mpinzani wa bingwa wa dunia, zilizotolewa Samarkand zilichukuliwa na Anish Giri wa Uholanzi na Matthias Blübaum wa Ujerumani. Mchezo mmoja, hata ukiwa mtamu namna gani, unaingia kwenye hesabu kama mchezo mmoja. Mwambie hivyo kwa upole, na mkiweza uketi naye mfungue michezo ya Theodorou ya miaka alipokuwa kijana, ile aliyofungwa pia. Yote ipo kwenye hifadhi za michezo mtandaoni, wala hailipiwi.

Mfano mwingine uko karibu na nyumbani kwenu zaidi. Stavroula Tsolakidou, aliyezaliwa 2000 huko Kavala, alikuwa bingwa wa dunia wa wasichana chini ya miaka 14 mwaka 2013, chini ya 16 mwaka 2015, tena mashindano yakifanyika Chalkidiki, na chini ya 18 mwaka 2016. Mataji matatu ya dunia! Ungedhani njia imefunguka yenyewe. Lakini kati ya taji la 2016 na kuonekana kwake miongoni mwa wachezaji wa Grand Prix ya wanawake, mfululizo wa mashindano ya FIDE, ya 2024 hadi 2025 kuna miaka minane ya kazi isiyopigwa picha. Ubingwa wa watoto unasema wewe ni bora kuliko wa rika lako mwaka huo, basi. Ukiingia kwa watu wazima unakutana na baba wa watoto watatu aliyecheza ufunguzi mmoja, yaani hatua zile zile za kuanzia mchezo, kwa miaka thelathini, anaujua hadi nyufa zake, na taji lako halimshtui.

Baba yake na kocha wamekuvutia pande mbili, nami nitasema nionavyo. Kocha amekosea. Kijana wa miaka 14 mwenye 2080 hakwami kwa sababu ya shule. Wale ambao hoja ya kupunguza shule ilikuwa na maana kwao, Gukesh na Mishra, walikuwa Grandmasta wakiwa na miaka 12. Mwanao hayuko kwenye njia hiyo, na nalisema waziwazi kwa kuwa ninyi ndio mtakaolipa gharama. Yuko kwenye njia ya kawaida, ambayo nayo ni ya heshima. Kwa kasi ya wastani, akifanya kazi, cheo cha FIDE Master, kinachotaka pointi 2300, ni lengo la maana kabla hajamaliza shule au muda mfupi baadaye. Zaidi ya hapo ni ngazi nyingine. Kuwa Grandmasta kunataka kufika 2500, na juu yake kupata nomu tatu. Nomu ni mashindano ya michezo isiyopungua 9, kwa kawaida, ambayo umecheza kwa kiwango cha 2600, ukikutana na Grandmasta wasiopungua watatu na wapinzani wa kutoka nchi nyingine. Wengi wenye kipaji cha kweli huishia katikati ya ngazi hiyo. Wengine huipanda wakiwa wakubwa: Vasilios Kotronias, Grandmasta wa kwanza wa Ugiriki, alizaliwa 1964 na cheo alikipata 1990. Kumwachisha shule mtoto kwa ajili ya jambo linaloweza kuja akiwa na miaka 25 ni kulipa deni ambalo hujakopa.

Baba yake ana hoja, ila ameiwahi mno. Panelladikes, huo wa kuingia chuo kikuu, ni mtihani mzito, na jioni za frontistirio, yaani masomo ya ziada ya kulipia, katika mwaka wa mwisho wa Lykeio, sekondari ya juu, huwameza vijana wazima wazima. Mwaka huo nami ningempunguzia mashindano hadi machache sana. Lakini kijana bado hajaingia Lykeio. Kumnyima sataranji sasa, katikati ya kipindi ambacho anaumia, atakuelewa vibaya: ataona ameadhibiwa kwa kushuka pointi. Na kwa mtoto anayejiona si kitu akifungwa, hilo ndilo somo baya kuliko yote. Isitoshe, sataranji na chuo si maadui. Vyuo kadhaa vya Marekani hutoa ufadhili kwa wachezaji wazuri, ingawa ushindani ni mkali na wengi wanaopewa tayari ni Grandmasta, kwa hiyo usiuweke kwenye bajeti ya familia. Papo hapo Ugiriki, ulizeni shirikisho la sataranji kama kuna nafuu yoyote ya kuingia chuo kwa wanamichezo ambayo mafanikio ya mtoto yanaweza kuifikia. Ulizeni mapema, kwa maandishi.

Kuhusu pesa, tabia ya mchezo huu ni kwamba anayehitaji msaada zaidi ndiye anayelipa zaidi. Grandmasta mara nyingi halipi kiingilio na waandaaji humpa chumba. Mwenye 2080 analipa kiingilio, chumba, chakula, na vyote hivyo tena kwa ajili ya mzazi. Lakini ninyi mna neema ambayo familia nyingi hazina. Kiangazi wachezaji wa nje huja Ugiriki wenyewe: Kavala, Paleochora kule kusini mwa Krete, Ikaria ambako mashindano yamekuwepo tangu 1978. Kavala kutoka kwenu ni safari ya basi ya saa mbili na kitu. Sioni sababu ya kumlipia ndege kwenda kucheza nchi ya mbali wakati wapinzani wa namna hiyo hiyo wanakuja hadi mlangoni. Mashindano mawili marefu ya kiangazi, ligi ya klabu, na labda moja wakati wa sikukuu za Krismasi, yanamtosha mwaka mzima. Mji wenu wenyewe una historia: Olimpiadi ya sataranji, mashindano ya timu za mataifa, ilifanyika Thessaloniki 1984 na tena 1988, na hiyo ya pili ndiyo Judit Polgár, msichana wa miaka 12, alipata alama 12.5 katika michezo 13 na Hungary ikawapiku Wasovieti kwa wanawake. Kama klabuni kuna mzee aliyekuwepo ukumbini siku zile, mwombe amsimulie kijana.

Kile ambacho pesa hainunui ni kujua anafungwa vipi. Hapa naomba umsaidie kwa jambo dogo ambalo halihitaji ujue hata farasi anavyoruka. Kila mchezo rasmi ana karatasi ya kuandikia hatua. Mwambie kila baada ya hatua tano aandike pembeni dakika zilizobaki kwenye saa yake, jambo linaloruhusiwa na sheria. Baada ya mashindano mawili, panga karatasi za michezo aliyofungwa mezani. Katika michezo ya dakika 90 kwa hatua 40, yenye nyongeza ya sekunde 30 kila hatua, utaona moja kati ya sura mbili. Ya kwanza: hatua ya 25, dakika 3. Huyo anafikiri sana mapema, haamini anachokijua, na makosa yake yanatoka kwenye saa. Ya pili: hatua ya 25, dakika 75, tayari amepoteza ngome. Huyo anacheza kwa kasi ya simu.

Nikisoma barua yako nahisi ni huyo wa pili, ingawa karatasi ndizo zitakazosema. Michezo ya dakika moja au tatu inayochezwa usiku baada ya kufungwa haimfundishi kitu. Anatafuta ushindi mmoja wa kufuta uchungu, akiupata hautoshi, akifungwa anataka mwingine, hadi saa nane. Asubuhi anaketi kwenye ubao wa kweli na mkono bado unatembea kabla ya jicho. Simu ilale sebuleni wakati wa mashindano, yake na ya wazazi pia, ili isiwe adhabu. Na mchezo aliofungwa usifunguliwe usiku huo. Kesho yake, kwanza auchambue mwenyewe kwa maneno bila kompyuta: hapa niliogopa nini, hapa nilidhani anataka nini. Kompyuta ije mwisho. Ikianza kompyuta, ataona namba inaporomoka kwenye hatua ya 31 na ataamini kosa lake lilikuwa hatua ya 31, wakati lilianza kwenye hatua ya 18 alipoacha kuuliza mpinzani anataka nini.

Kama kocha hajawahi kukaa naye na michezo aliyofungwa, kazi yake ikiwa kumpa tu mafunguzi mapya ya kukariri, tafuteni jicho la pili. Mkutano mmoja wa ana kwa ana na mkufunzi mwingine, akiwa na michezo kumi ya hivi karibuni, unatosha kujua kama tatizo ni saa, ni hatua za mwisho za mchezo, au ni moyo. Mwambieni kocha wa sasa mapema, asisikie kwa watu. Kocha mzuri hatachukia.

Limebaki lako wewe mama, ukumbini. Mashindano mengi hayawaruhusu wazazi kusogea karibu na ubao mchezo ukiendelea, na ni afadhali, kwa sababu mtoto anausoma uso wako kuliko anavyousoma ubao. Mfikishe, mwachie chupa ya maji na kitu cha kutafuna kwa saa ya tatu, kisha toka uende zako. Akitoka usimuulize kama ameshinda, mabegani utajua. Mpe chakula. Akitaka kukaa kimya garini, endesheni kimya. Swali la kwanza kuhusu mchezo liwe lake, hata likija kesho kutwa, na likija, muulize ni hatua gani aliyoifurahia, kwa maana hata katika mchezo wa kufungwa huwa ipo. Jibu analokupa liandike nyuma ya karatasi yake ya mchezo, pembeni ya zile dakika.